Kitufe chekundu cha boila hakibonyezwi mara ya tatu



Mvua za masika zikishakatika, hoteli zetu kuanzia Diani hadi Malindi huanza kujipangusa vumbi. Mapazia yanafuliwa, mabwawa yanajazwa, wapishi wanaitwa kutoka makwao. Nyuma kabisa ya jengo, kule ambako mgeni hafiki, kuna chumba chenye harufu ya dizeli. Ndani yake mna boila, na mbele ya boila mna kile kichomeo ambacho sote tunakiita bana. Mtambo huo umelala miezi miwili au mitatu. Leo meneja anataka maji moto vyumbani na mvuke wa kufulia mashuka, na kazi ya kuuamsha anapewa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye jana alikuwa akifyeka nyasi.

Kijana huyo mara nyingi ni mtoto wetu. Ndiye ninayemwandikia leo, pamoja na mwajiri wake na mzazi wake. Nayasema haya kwa sababu diploma yangu ni ya mitambo na nimeshinda sana katika vyumba kama hivyo, na ninayoyaona yakifanyika mle ndani hayanipi usingizi. Hospitali nazo zina boila, dobi wakubwa wanazo, viwanda vya sabuni na mafuta ya kupikia vya Changamwe na Shimanzi vinazo. Kwa hivyo habari hii si ya watu wa hoteli pekee.

Kwanza tuelewe bana inafanya nini. Wale waliolelewa na jiko la primasi watanifahamu upesi. Primasi ilikuwa na pampu ya kusukuma mafuta ya taa, na chuchu yenye tundu dogo la kuyatoa. Ukipampu kabla chuchu haijapata moto, yalitoka mafuta mabichi na ndimi za moto wa manjano zikapaa hadi darini, na mama akapiga ukelele. Tundu likiziba masizi, jiko lilikohoa. Bana ya boila ni ndugu mkubwa wa primasi, ila yeye hayageuzi mafuta kuwa mvuke kwanza. Pampu yake inayasukuma kwa nguvu kubwa, aghalabu kati ya bari 10 na 14, yapite kwenye tundu la nozeli lililo jembamba mno, yatoke kama ukungu. Feni inaupulizia ukungu huo hewa. Elektrodi mbili, zinazopata umeme wa volti 10,000 hivi kutoka kwa transifoma, zinarusha cheche. Ukungu, hewa na cheche vikikutana kwa kipimo, moto unawaka. Kuna na jicho dogo, fotoseli, ambalo kazi yake ni kutazama kama moto upo kweli.

Sasa fuata mpangilio wa bana yenyewe inapowashwa, kwa sababu ukiujua huu umejua nusu ya kazi. Swichi ya joto au ya mvuke inaomba moto. Feni inaanza peke yake na kupuliza chumba cha moto bila mafuta, sekunde kumi na kitu kwa bana ndogo, zaidi kwa kubwa. Hapo inafukuza mvuke wowote wa mafuta uliobaki. Cheche zinaanza. Kisha vali ya solenoidi inafunguka na mafuta yanatoka. Kuanzia hapo kisanduku cha udhibiti kinahesabu: sekunde tano kwa bana nyingi, kumi kwa nyingine. Jicho lisipoona moto ndani ya muda huo, kisanduku kinakata mafuta, kinajifunga, na taa nyekundu inawaka. Ili kianze upya ni lazima mtu abonyeze kitufe.

Hapa ndipo penye kiini cha makala yangu. Kisanduku kinapojifunga, kimefanya kazi ya kukulinda. Kila jaribio lililoshindwa limemwaga mafuta ndani ya boila kwa sekunde hizo tano au kumi, na mafuta hayo hayakuungua. Yamelowa kwenye matofali, yametuama chini. Kijana anabonyeza mara ya pili, hakuna moto. Simu inalia, meneja anauliza maji moto yako wapi. Anabonyeza ya tatu, ya nne. Sasa ndani mna mafuta ya majaribio manne, na matofali yakiwa bado na joto mafuta hayo yanageuka mvuke na kujaa chumba chote. Jaribio la tano cheche inashika. Hauwaki moto wa nozeli peke yake, bali vyote vilivyokusanyika mle ndani, kwa mkupuo mmoja. Mlango wa mbele unaweza kung'oka, dohani ikaachana na boila, na aliyesimama mbele akichungulia kwenye kioo cha moto ndiye anayepokea yote usoni.

Kwa hivyo kanuni ninayowapa vijana ni hii. Kitufe kinabonyezwa mara moja. Ikishindwa, tafuta sababu: je, mafuta yapo, vali zimefunguliwa, filta ni safi, cheche inatoka, jicho halina masizi? Ukipata sababu na kuitibu, bonyeza mara ya pili. Ikishindwa tena, zima swichi kuu, funga mafuta, fungua mlango boila ikiwa imepoa, umulike kwa tochi. Ukiona unyevu wa mafuta, upanguse na uache hewa ipite hadi harufu iishe. Mara ya tatu haipo, hata meneja awe anapiga kelele kwa Kizungu.

Na kila unapowasha simama ubavuni mwa boila, usisimame mbele yake.

Turudi kwenye mtambo uliolala. Kabla ya kuigusa bana, tazama maji. Boila yenye moto na isiyo na maji ni hatari kuliko chochote nilichokitaja hadi sasa. Kile kioo cha kuonyesha maji kisiaminiwe kwa kukitazama tu. Njia zake huziba kwa magadi, kikakuonyesha maji ambayo ndani hayapo. Fungua koki yake ya chini maji yatoke, ifunge, uone kama yanarudi mbio. Yakirudi kwa kujivuta, njia imeziba. Kuna kifaa cha kuzima bana maji yakipungua, nacho kijaribiwe siku ya kuwasha: moto ukiwa unawaka, punguza maji polepole huku umesimama hapo hapo, uone bana ikizimika yenyewe. Isipozimika, izime kwa mkono na siku hiyo usiiendeshe. Na ikitokea boila imekauka na chuma kimeshika moto, zima bana na uache ipoe yenyewe, saa nyingi kama inabidi. Anayefungulia maji baridi yaingie kwenye chuma chekundu anatengeneza bomu.

Baada ya maji ni mafuta. Hewa yetu ya Pwani ina unyevunyevu, na tangi lililokaa nusu tupu kwa miezi linakusanya maji chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Fungua koki ya chini ya tangi uyakinge kwenye ndoo mpaka itoke dizeli tupu. Badilisha filta au uioshe. Kisha ondoa hewa kwenye pampu: legeza skrubu yake ya kutolea hewa, endesha, acha mafuta yatoke na mapovu hadi yatiririke laini, kaza. Usiiendeshe pampu kavu kwa muda mrefu, kwani meno yake yanalainishwa na mafuta yale yale inayoyavuta. Kama tangi liko chini ya bana, weka geji upande wa kuvuta. Mvuto ukizidi bari 0.4 kuna mahali pamebana, na mapovu yatakusumbua kutwa.

Fungua na mdomo wa feni uchungulie. Nimekuta kiota cha panya humo, chenye vipande vya taulo za hoteli. Chumvi ya bahari nayo inakula viunganishi vya umeme, hasa kwenye transifoma na swichi zilizo karibu na ukuta wa baharini. Pangusa, kausha, kaza.

Boila baridi haikimbizwi. Ianze kwa moto mdogo, iwake na kupumzika, ili chuma na matofali vitanuke pamoja. Kwenye boila ya mvuke, vali ya juu ya kutolea hewa iachwe wazi mpaka mvuke utoke mfululizo, ndipo ifungwe. Ukiona matone ya maji mlangoni na chini ya dohani katika saa ya kwanza, mara nyingi ni mvuke wa moto wenyewe unaogusa chuma baridi, nao ukauke kadiri boila inavyopata joto. Usipokauka, hiyo ni bomba inayovuja.

Moto umewaka. Wengi wetu hapa hushukuru Mungu, hufunga kisanduku na kwenda kunywa chai. Kumbe kazi ya kuseti ndiyo kwanza inaanza, nayo ndiyo inayokula au kuokoa pesa.

Nozeli ina maandishi madogo ubavuni. Kuna nambari ya galoni za Kimarekani kwa saa, iliyopimwa kwa msukumo wa ratili 100 kwa inchi mraba, ambao ni karibu bari 7. Kuna pembe ya ukungu, labda nyuzi 45, 60 au 80. Sasa watu wengi hawajui kwamba ukiongeza msukumo wa pampu mafuta yanaongezeka, ila si kwa kiwango kile kile; yanafuata kipeuo cha pili. Ili kupata mafuta mara mbili unahitaji msukumo mara nne. Chukua nozeli ya galoni 5. Kwa bari 7 inatoa lita 19 hivi kwa saa. Iweke kwenye bari 12 inakuwa karibu lita 25, sawa na moto wa kilowati 250. Fundi anayebadilisha nozeli kwa kuangalia kama inaingia tu kwenye uzi, au anayekaza skrubu ya pampu bila geji, hajui anachoma kiasi gani. Boila ina kipimo chake kwenye kibati, nacho kisivukwe. Na nozeli haichokonolewi kwa waya kama tulivyofanya na chuchu ya primasi. Ikichoka, inabadilishwa.

Baada ya mafuta ni hewa, na hapa macho yanadanganya. Moto uliopungukiwa hewa ni wa rangi ya chungwa iliyokolea na ncha zake zina moshi, huo kila mtu anauona. Lakini moto wenye hewa kupita kiasi unang'aa mweupe, mfupi, wenye kelele, na wengi huusifia. Huo ndio unaochoma pesa, kwa kuwa hewa ya ziada inaingia baridi, inapashwa moto kwa dizeli yako, na kutokea dohanini ikiwa moto. Mnawalipia ndege wa angani.

Ndiyo maana kuna mashine ya kupima moshi. Inatobolewa tundu dogo kwenye dohani, karibu na boila, na mkono wa mashine unaingizwa humo baada ya boila kuwaka kama robo saa na kushika joto lake. Inasoma oksijeni iliyobaki, kaboni dayoksidi, kaboni monoksidi na joto la moshi. Dizeli iliyoungua kwa hewa kamili bila ziada ingetoa kaboni dayoksidi ya asilimia 15 na ushei, lakini hakuna bana inayochanganya vizuri kiasi hicho, na ukiilazimisha utapata masizi. Kwa bana nyingi za dizeli, lenga asilimia 12 hadi 13, ambapo oksijeni iliyobaki ni kama asilimia 4. Hapo una hewa ya ziada kama robo hivi, nayo ni akiba ya haki. Kaboni monoksidi iwe chini ya sehemu 100 kwa milioni, na ikipungua zaidi ndiyo bora.

Kisha pima masizi. Kuna pampu ndogo ya mkono yenye karatasi nyeupe: unavuta moshi mara kumi, unatoa karatasi na kulinganisha doa na kadi ya vivuli vya kuanzia 0 hadi 9. Unataka 0 au 1. Utaratibu wangu ni kufunga hewa kidogo kidogo mpaka doa lianze kuonekana, halafu kuirudisha kidogo ili nibaki na nafasi. Bana yenye hatua mbili ipimwe hatua zote mbili. Fundi anayepima moto mkubwa tu na kuondoka ameacha nusu ya kazi, kwani hoteli ikiwa na wageni wachache boila inashinda kwenye moto mdogo.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havitakuambia. La kwanza ni bana za mitumba kutoka bara. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 au zaidi. Bana iliyosetiwa vizuri kule, na oksijeni ya asilimia 4, ukiishusha hapa usawa wa bahari bila kuigusa dampa, feni ile ile inasukuma hewa nzito zaidi, na oksijeni inapanda hadi 6 na zaidi. Itawaka, haitatoa moshi, na kila mtu ataridhika isipokuwa anayelipa dizeli. Ukipeleka ya Mombasa bara, kinyume chake: inakosa hewa na kujaza masizi. La pili ni upepo. Dohani iliyosetiwa asubuhi shwari inaweza kuvuta tofauti kabisa kusi likivuma kutoka baharini alasiri. Mwenye dohani fupi nyuma ya jengo refu anajua ninachosema. Weka kidhibiti cha mvuto, na upime milango ikiwa imefungwa kama itakavyokuwa siku zote.

Nikitaja milango: chumba cha boila kisizibwe matundu ya hewa eti kelele zinawafikia wageni. Bana ikikosa hewa inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kijana anaanza kuumwa kichwa, anasema ni joto, anaketi kupumzika mle mle.

Sasa joto la moshi. Boila ya mvuke wa bari 7 ina maji yenye nyuzi 170 hivi za Selsiasi. Moshi ukitoka kwa nyuzi 220 au 230, boila inakamata joto vizuri. Ukitoka kwa 320, bomba zimepakwa masizi au magadi. Kila nyuzi 20 na ushei zikipanda, umepoteza kama asilimia 1 ya mafuta. Nyuzi 100 ni karibu asilimia 5. Ile bana yetu ya lita 25 ikiwaka saa 8 kwa siku inakula lita 200, na asilimia 5 yake ni lita 10. Kwa mwezi ni lita 300. Weka lita kwa shilingi 170, kwa mfano, maana bei hutangazwa upya kila tarehe 14, upate shilingi 51,000. Huo ni mshahara wa vijana wawili unaotokea dohanini, huku mwenye hoteli akisema hana uwezo wa kuwapeleka vijana wake mafunzo.

Nami hapa nina neno na wakubwa. Mara ngapi tumeona fundi akiletwa kwa ndege au reli kutoka Nairobi na mashine yake mkobani, anashinda hapa saa tatu, anachukua malipo manono, na kijana wetu anamshikia tochi? Simlaumu fundi, amesoma kazi yake. Lakini mji huu ndio ulioanzisha MIOME, chuo cha elimu ya Kiislamu kilichofundisha ufundi na uhandisi wa meli kwa watoto wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1950. Kikawa chuo cha ufundi 1966, kikaitwa Mombasa Polytechnic 1972, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor. Wazee waliotoka pale waliendesha boila za meli zilizozunguka dunia. Hoteli tatu au nne za jirani zikichanga, zinaweza kununua mashine moja ya kupima moshi na kumpeleka kijana mmoja akafunzwe. Sijaona hoteli iliyojaribu ikajuta.

Sheria pia ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka boila ya mvuke ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, angalau mara moja kila miezi 12, na ripoti iwepo. Mzazi ambaye mwanawe ameajiriwa kwenye chumba kama hicho ana haki ya kumuuliza, tena kwa upole: cheti cha boila umekiona? Vali ya usalama ilijaribiwa lini? Umeonyeshwa swichi ya kuzimia iliyo nje ya mlango? Kijana akijibu kwamba aliambiwa abonyeze tu kitufe, basi mzazi aende akazungumze na huyo mwajiri.

Mwisho, daftari. Liwekwe chumbani, liandikwe kwa wino, na kila zamu iandike joto la moshi, msukumo wa pampu, hali ya maji, saa bana ilipojifunga na sababu iliyopatikana. Siku ya kuseti ziandikwe na oksijeni, kaboni monoksidi, doa la masizi na nambari ya nozeli. Joto la moshi likipanda kutoka 225 hadi 250 katika wiki sita, hakuna haja ya kumngoja mtu wa Nairobi: zima, acha ipoe, shika burashi ya bomba.